Kutokwenda Huanza kwa Kwenda

Fundi wa saa huletewa saa. Yeye hukaa pale pale alipo, kando ya barabara, na meza yake ndogo na kioo cha kukuzia jichoni. Fundi wa paa hana bahati hiyo. Paa haliletwi, hufuatwa. Kwa miaka mingi sisi tunaotunza zile kompyuta kubwa ziitwazo seva tulikuwa mafundi wa paa. Kompyuta ya mezani mtu aliweza kuifunga katika khanga akaja nayo kwa basi, lakini seva, ambayo ofisi nzima huitegemea, haing'olewi mahali pake. Ikiugua, mganga ndiye apandaye gari.

Kazi hii nimeifanya tangu mwaka 1997, na katika muda huo nimeona mengi yakija na kupita. Lakini nikiulizwa ni jambo gani lililobadili maisha yangu mwenyewe, mbali na kazi, sitaitaja simu ya mkononi wala barua pepe. Nitataja jambo dogo ambalo watu wengi hawajapata kulisikia: uwezo wa kuiamsha seva iliyoko mbali kwa kutumia diski ambayo haipo. Nataka kulieleza polepole, kwa maana naona lina funzo hata kwa yule ambaye hajawahi kuigusa seva na hana haja ya kuigusa.

Seva, kama kompyuta nyingine yoyote, inapowashwa huwa haijui lolote. Programu ndogo iliyotiwa katika ubao wake huiambia: tafuta diski, soma pale mwanzo wake, huko utaambiwa la kufanya. Ikiwa diski ile ni nzima, basi mambo huenda. Ikiwa mwanzo wake umeharibika, mashine husimama mlangoni kama mgeni aliyepewa jina la mtaa asipewe namba ya nyumba. Dawa yake ni kuipa diski nyingine kutoka nje, diski nzima iliyobeba mfumo wake kamili, iamke kwa hiyo, kisha ukiwa humo ndani uikarabati ile iliyougua.

Zamani diski hiyo ya nje ilikuwa ile ya mraba yenye nafasi ya megabaiti 1.44. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa utaratibu uliopewa jina la El Torito, uliowezesha kompyuta kuamka kutoka katika CD. Tangu hapo mkoba wa fundi haukukosa CD. Na fundi mwenyewe hakukosa tiketi ya basi.

Mwaka 2006 niliitwa na hospitali moja iliyoko kusini, mbele ya Njombe. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na uliporudi, seva iliyohifadhi kumbukumbu za wagonjwa na hesabu za dawa ilikataa kuwaka. Nilipanda basi alfajiri pale Ubungo, CD mbili nimezibana katikati ya daftari zisije zikakwaruzika. Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Makambako; jua lilituchwea tukiwa bado njiani. Asubuhi ya pili nilitia CD, nikaiamsha seva, nikaitengeneza ile sehemu ya mwanzo iliyoharibika. Kazi yenyewe ilinichukua dakika 25. Kwenda na kurudi kulinichukua siku 3. Katika siku hizo dirisha la dawa lilifanya kazi kwa kalamu na kumbukumbu za kichwani, na wagonjwa waliotoka vijiji vya mbali waliambiwa kwamba habari zao hazionekani, warudi wiki ijayo.

Hakuna aliyelalamika sana. Umbali ulikuwa kama masika. Nani alalamikie masika?

Sasa tazama jinsi umbali huo ulivyokuja kupunguzwa. Ndani ya seva nyingi za leo, juu ya ubao ule ule, mna kompyuta nyingine ndogo sana. Ina ubongo wake, ina kumbukumbu yake, na aghalabu ina tundu lake la waya wa mtandao. Maadamu seva imechomekwa katika umeme, kompyuta hiyo ndogo huwa macho, hata kama ile kubwa imezimwa au imezimia. Mimi huifananisha na mlinzi wa usiku aliye kibandani: nyumba imelala, yeye halali. Mwaka 1998 kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC zilitoa utaratibu wa pamoja wa kuzungumza na walinzi wa namna hii, ukaitwa IPMI. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2004, na mwaka 2015 ukaja utaratibu mwingine mpya zaidi uitwao Redfish.

Kwa kupitia kwa mlinzi huyo fundi aweza kuizima seva na kuiwasha, kukiona kioo chake, na kuiandikia kana kwamba ameketi mbele yake. Lakini kubwa zaidi ni kwamba mlinzi huyo anaweza kuidanganya seva kwa heri. Unachukua CD nzima, pamoja na mpangilio wake wote, unainakili iwe faili moja. Faili hilo huitwa taswira ya diski. Si orodha ya yaliyomo katika diski. Ni diski yenyewe iliyovuliwa plastiki. Kisha unaipachika, yaani unamwambia mlinzi: taswira iko mahali fulani, ichukue. Naye huigeukia seva na kuiambia kwamba kimechomekwa kifaa cha kusomea CD, na CD imo ndani.

Seva huamini. Haina namna ya kutoamini. Huanza kuomba: nipe kipande cha kwanza, nipe cha 16, nipe cha 40. Kila kipande cha CD ya data kina baiti 2,048. Mlinzi hulipokea ombi, hulipeleka mtandaoni hadi lilipo lile faili, hurudi na kipande, hukikabidhi. Seva husoma na kuamka, isijue kwamba ilichokisoma kimetoka katika chumba cha jirani au katika mji ulio umbali wa kilomita 900.

Hapa ndipo wengi husema: basi, safari zimekwisha. Hazijakwisha, na sababu ya kwanza ni hesabu. Taswira ikiwa katika laptopu ya fundi, data yote hutoka kwake kwenda kwa seva. Katika laini nyingi za kawaida, njia ya kutoka huwa nyembamba kuliko njia ya kuingia. Taswira ya megabaiti 700, ikipita katika laini inayopeleka nusu megabiti kwa sekunde, itachukua zaidi ya saa 3 iwapo seva itataka kuisoma yote. Na laini ikikatika katikati, kwa seva ni sawa na mtu kuichomoa CD mashine ikiwa inaamka. Hapo huanza upya.

Jambo hili lilinikuta mwezi wa Mei mwaka 2016. Nilikuwa Tanga, kwa mama. Alikuwa na umri wa miaka 81 na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alituagiza asiachwe peke yake. Sisi tumezaliwa wawili tu, na dada yangu alikuwa Muscat kwa mumewe, akihangaikia tiketi. Kwa hiyo kwa siku zile mama alikuwa na mimi, nami nilikuwa na mama.

Jioni moja simu iliita. Alikuwa kijana anayetunza kompyuta za hospitali ile ile ya kusini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Kwema huko?"

"Si kwema sana, mzee. Umeme ulirudi vibaya. Seva inawaka taa, lakini haipandi. Mama wa dawa ameanza kuandika katika daftari."

Nilimwuliza taa ya diski ina rangi gani, na kama anasikia mlio wowote usio wa kawaida. Alinijibu kwa makini, kwa kuwa alikuwa amesimama pale pale. Nikajua diski zenyewe ni nzima. Kilichovurugika ni mpangilio wa mafaili juu yake.

Laptopu nilikuwa nayo, na taswira ya kuokolea nilikuwa nayo. Lakini laini yangu ilikuwa ya simu, na saa 3 za kuomba Mungu isikatike sikuwa nazo. Kilichotuokoa ni jambo lililofanyika miaka miwili nyuma. Mwaka 2014, nilipokwenda kuifunga seva hiyo mpya, niliacha nakala ya taswira ile katika kompyuta nyingine iliyo katika chumba cha uhasibu, ndani ya mtandao ule ule wa hospitali, katika jalada linaloruhusu kusomwa tu. Basi niliingia kwa njia iliyofungwa kwa siri, nikamwambia mlinzi: usichukue kwangu, chukua kwa jirani. Kutoka Tanga hazikwenda megabaiti 700. Zilikwenda amri chache, na ikarudi picha ya kioo.

Mama alikuwa ameamka, ananitazama.

"Unaongea na nani, baba?"

"Na mashine, mama. Iko kusini, mbele ya Njombe."

"Inaumwa?"

"Inaumwa."

"Basi iangalie. Mimi nipo."

Nikaiangalia. Seva iliamka kwa ile diski isiyokuwapo, nikaendesha programu ya kukagua na kupanga upya mafaili, nikahakikisha kwamba hazina ya kumbukumbu za wagonjwa haikuguswa. Kisha nikaibandua taswira, kwa sababu ukiisahau imepachikwa, huenda seva itakapowashwa tena ikaamkia huko huko badala ya kuamkia kwake. Baada ya saa moja na dakika 10 ilipanda yenyewe. Kijana alileta ujumbe wa maneno mawili, "Imewaka, mzee." Uji wa mama ulikuwa haujapoa sana.

Dada alifika siku ya nne. Mama alifariki siku ya tisa, sote wawili tukiwa pale. Kama jambo lile lingetokea mwaka 2006, ningetakiwa kuchagua kati ya kitanda kimoja na foleni nzima ya wagonjwa, na chaguo lolote ningelibeba hadi leo. Sikutakiwa kuchagua. Ndiyo maana nikasema kwamba jambo hili dogo lilibadili maisha yangu mbali na kazi.

Baada ya matanga rafiki zangu waliisifu sayansi. Mimi nami naisifu, lakini nimefikiri sana juu ya jioni ile na nimeona kwamba sifa zinagawanyika. Ili nisiende mwaka 2016, ilibidi niwe nilikwenda mwaka 2014. Hebu fikiri, msomaji, ni mambo mangapi yalitakiwa yawe tayari. Waya wa pili, ule wa mlinzi, ulitakiwa uwe umechomekwa. Nimeona seva ngapi zenye tundu hilo limejaa vumbi! Namba ya mlinzi katika mtandao ilitakiwa ijulikane. Nilikuwa nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati. Leseni ilitakiwa iwe imelipiwa, maana watengenezaji kadhaa huuza seva yenye uwezo huu ndani yake, lakini huufunga mpaka ulipe ziada. Mhasibu wa hospitali aliniuliza kwa nini alipie kitu kisichoonekana wala kushikika. Hakushawishika kwa barua. Alishawishika tulipokaa pamoja, nikaipachika taswira mbele yake, naye akaona kwa macho seva ikiamka bila mtu kuitia chochote.

Taswira yenyewe ilitakiwa iwe salama. Kila faili laweza kupigiwa hesabu itoayo alama yake, mfano wa alama ya kidole. Ikibadilika herufi moja, alama nayo hubadilika. Niliilinganisha alama ile na ile iliyotolewa na watengenezaji kabla ya kuiacha pale. Na kijana yule alitakiwa awe ananijua, na mimi nimjue, ili akisema hasikii mlio niamini kwamba amesikiliza. Hayo yote hayakufanywa kwa mbali. Yalifanywa na miguu.

Pia kuna upande wa hatari, nao nisipoutaja nitakuwa nimepamba. Mlango unaoniingiza mimi ukiwa mbali, humwingiza na mwingine akiwa mbali. Mwenye kumshika mlinzi ameishika nyumba: aweza kupachika diski yake mwenyewe, akaiamsha seva kwa mfumo wake, akasoma kila kilichomo, na maneno ya siri ya mfumo wa kawaida yasimzuie. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 kampuni ya Eclypsium ilitangaza udhaifu katika huduma ya diski pepe ya baadhi ya seva za Supermicro. Huduma ile iliweza kupokea jina na neno la siri bila kuyaficha njiani, na wakati mwingine ilimpokea mgeni kwa idhini iliyoachwa na mtu aliyetangulia. Walinzi zaidi ya 47,000 walionekana wazi katika intaneti. Watengenezaji walitoa marekebisho, lakini funzo lilibaki: mlinzi hawekwi barabarani. Hukaa ndani ya ua, katika mtandao wake peke yake, na lile neno la siri alilotoka nalo kiwandani hubadilishwa siku ile ile anapoanza kazi. Na hilo nalo lahitaji mtu awe amekwenda.

Kisha kuna hasara ambayo haina jina katika vitabu vya ufundi. Safari zile za siku 3 zilinichosha, lakini zilinipa macho. Mwaka 2009, nilipokwenda kwa shughuli nyingine kabisa, nilikuta dirisha lililo juu ya seva linavuja. Maji yalikuwa yameteremka ukutani mpaka yamebakiza shubiri moja kulifikia kabati. Mlinzi wa ndani ya seva huniambia joto limefika nyuzi ngapi na feni zinazunguka kwa kasi gani. Hajawahi kuniambia kwamba mvua inaingia. Hakuniambia kwamba mama wa dawa amestaafu na aliyekuja hajafundishwa. Haniletei harufu ya waya unaoanza kuungua. Anajua mashine, hajui chumba.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa wamezaliwa katika wepesi huu. Seva ikiugua hawasimami kwenye kiti. Siwalaumu, na wala sitaki warudi kupanda basi kwa ajili ya kazi ya dakika 25. Hiyo ingekuwa ni kupenda jasho kwa ajili ya jasho. Ninalowaambia ni hili: mara moja kwa mwaka nenda wakati hakuna kilichoharibika. Chomoa na uchomeke ule waya wa pili. Pachika taswira, iamshe mashine, ibandue. Tazama juu, ukutani, dirishani. Kunywa chai na mtu atakayekuwa macho yako siku ya shida. Safari hiyo itaonekana ni ya bure katika hesabu ya kila mhasibu, lakini ndiyo inayolipia safari zote usizokwenda.

Nawe msomaji huenda huna seva. Lakini yawezekana una mzee kijijini ambaye humtumia fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Fedha hufika kwa sekunde chache, naye hukuombea dua, na ni jambo jema ambalo babu zetu hawakulipata. Simu itakuambia kwamba imepokelewa. Kwamba paa linavuja, huenda mzee mwenyewe asikuambie, kwa kukuonea huruma. Litaonwa na yule aliyeketi chini yake mvua ikinyesha.